Ng'ombe Wawili wa Paa la Shule

Shamba la Mkonge, upande wa Korogwe

Kwa baba yangu, Vudee,

Shikamoo baba. Mguu wako umeacha kuuma? Na kikohozi cha mama kimepungua? Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako Tumaini ameota meno mawili, ananing'ata akinyonya, halafu anacheka. Baba yake yuko palepale kwenye mashine ya mkonge, jioni anarudi mikono inamwasha, lakini hatulali njaa.

Baba, nina wasiwasi. Uliniandikia kwamba umetaja ng'ombe wawili kanisani kwa ajili ya paa la shule, yule mweusi na mtamba wa Tumaini, kwa hiyo makarani wa kodi wakija kuhesabu mifugo, ng'ombe hao hawatakuwa wako. Nilifurahi, nikamsimulia karani wetu hapa, mtu wa Same. Akauliza wako wapi sasa. Nikamwambia wako zizini kwako wanangoja siku ya kuezeka, maana kwetu mtu akishataja mnyama mbele ya watu, si wake tena.

Akaweka kikombe chini. "Dada, ng'ombe wa ahadi bado ni wa baba yako."

Akanieleza kwamba mnyama afikishwe kanisani, na cheti kiandikwe, kabla ya siku ya kuhesabu. Cheti cha baadaye hakisaidii mwaka huu. Na kila boma hupunguziwa mnyama mmoja tu kwa mwaka. Mjomba wake alitoa watatu siku moja kwa furaha. Akapunguziwa mmoja, wawili akatozwa kodi na zizini hawapo. Mwaka uliofuata alidai apunguziwe kwa hao wawili, akaambiwa mwaka wao umepita. Akakosa cha kuuza alipe kodi, akapelekwa kupasua mawe ya barabara. Hapo nikaukumbuka mguu wako, baba, chai ikanishinda.

Nakuomba, mpeleke mweusi wiki hii, na mchungaji akuandikie cheti chenye tarehe. Mtamba abaki. Mwaka huu utamlipia, kahawa itasaidia, na mwakani utamtoa mapema naye apunguzwe.

Najua neno lako hulirudishi. Na mzee wa kanisa, ninavyomjua, atakutania mbele ya watu kwamba umemwonea Mungu choyo. Lakini mtamba huyo ulimpa Tumaini alipozaliwa. Basi mwambie kwamba mama wa mtoto ndiye amemzuia mpaka mwakani. Akicheka, anicheke mimi. Mimi niko mbali, sitasikia.

Nisalimie mama, na shangazi aliyenifundisha kusuka vikapu, na kaka yangu anayekusomea barua hii. Asome polepole, asiruke.

Barua hii nimempa fundi anayepanda treni ya Same kesho, maana posta naiogopa kuchelewa.

Mimi binti yako akupendaye,
Nakijwa, mama Tumaini

Baba, ikiwa kaka amefika hapa na bado kuna mwanga, mfungulie mweusi sasa hivi. Salamu atakusomea tena ukirudi kutoka kanisani.