Vyuma vya Baba Yenu Visiende Feraye

Zaituni mutoto wangu,

Amahoro. Umeamukaje hapo Rumonge? Kifua cha mujukuu wangu kimepoa? Mimi napumua, Mungu ni mukubwa. Nimesikia kaka yako Shabani anataka kuuza visu vya marehemu baba yenu kwa watu wa feraye, wale wanunuzi wa vyuma vikuukuu, viyeyushwe. Mama, mwambie angoje. Soma kwanza hii.

Unajua hapa Amerika nakaa kwa muzee mumoja, namufanyia usafi. Nyumba yake imejaa vyuma ambavyo wachunga ng'ombe wa zamani walikuwa wanafunga kwenye kisigino, viko na kagurudumu ka meno, vya kumuchoma farasi akimbie. Vyote vilifuliwa kwa mikono. Muzee anavitafuta maisha yake yote, na fundi wa kila kimoja anamujua kwa jina, na pahali alizikwa.

Juzi wakamulaza hospitali. Mimi kuangalia, vyuma vimeshika kutu. Nikaona aibu. Kwetu, muke wa mufua vyuma akionekana na kisu cha kutu, majirani wanamuuliza amekuwa mujane lini. Nikachukua jivu, muchanga, na yale mafuta ya mawese ulinitumia, nikasugua mpaka vikang'aa kama sahani za Idi.

Muzee aliporudi akakaa, akavishika kimoja kimoja. Kumbe kutu ile ndiyo watu wa kukusanya vyuma vya zamani wanaitaka, inaonyesha umri wake. Na kimoja, pale nilikaza mukono, kulikuwa na alama ndogo ya fundi wake. Imefutika. Fundi yule hakuacha kingine duniani.

Binti ya muzee amesema nitoke Jumapili. Sijui nitalala wapi. Wadogo zako usiwaambie.

Nikiwa nafunga mizigo, muzee akaniuliza nani alinifundisha kusugua vile. Nikamujibu ni mume wangu, alikuwa anafua visu vya kukatia mikungu ya michikichi. Akaniuliza:

"Alama yake ilikuwa gani?"

Nikaendelea kukunja nguo, Zaituni. Baba yenu hakuweka alama. Alikuwa anasema anayekata nacho ananijua. Na kaburi lake, si ninyi mulinipigia simu kwamba ziwa limepanda, limelifunika?

Nisalimie shangazi yenu wa Kizuka, na mama muuza samaki wa ndagala, jirani yetu, aliyenilelea ninyi. Shabani naye mwambie sikumukasirikia, najua nyumba iko na njaa. Auze vingine. Kimoja akuachie, kile kilichotumika sana. Kifunge kwenye kitenge, ukiweke juu, maji yasikifikie. Usikisugue.

Ni mimi mama yako, ninayewataja kila sala,
Mariamu