Mkono Usiofika Sikioni

Kolwezi, Jumapili

Yaya Agnès, dada yangu mpendwa,

Nakuamkia wewe na mumeo Tata Stany, na wote hapo nyumbani Sandoa. Je, mguu wake umepona? Sisi huku tuko. Mvua imeanza, na vumbi la malori ya shaba limetulia kidogo.

Habari kubwa ya mtaa wetu ni maternelle, ile shule ya serikali ya watoto wadogo. Inspekta alikuwa amesema wazi: kama kufikia Ijumaa darasa halijajaa na mwalimu wa pili hajapatikana, chumba kitapewa shule ya msingi. Mama Blandine, mkuu wa shule, alikuwa peke yake, amekonda kwa wasiwasi.

Siku ya kuandikisha nilimsindikiza jirani yangu, Mama Dimitri. Unajua watoto wengi hapa hawana karatasi za kuzaliwa, baba zao wametoka mbali kuja kuchimba. Basi Mama Blandine anapima kwa mkono. Mtoto anaupitisha juu ya kichwa. Ukifika sikio la upande wa pili, yeye ni mkubwa, aende msingi. Usipofika, ni wa maternelle. Lakini akina mama walikumbuka tu jinsi wao wenyewe walivyopokewa msingi kwa kugusa sikio. Wiki nzima wamewafundisha watoto nyumbani! Dimitri alilaza kichwa begani kama kuku anayesikiliza, akalishika sikio, na mama yake akapiga vigelegele kwamba mutoto wake anafika. Foleni nzima ikafanya vilevile. Mama Blandine akashika kiuno, akawauliza kama hao ni batoto ya maternelle ao ni bachimbaji kabisa.

Wengine wakaanza kuondoka wakinung'unika. Ndipo nikapiga magoti mbele ya Dimitri, nikakishika kichwa chake, nikakinyoosha taratibu. Mkono ukaishia kwenye nywele. Nikafanya hivyo kwa aliyefuata, na kwa wengine wote. Yaya, tangu tumzike Jémima wangu, aliyekuwa akilala na kiatu kimoja mguuni, sikuwa nimemgusa mtoto yeyote.

Darasa likajaa. Mama Blandine akaniuliza ile diploma ya ualimu niliyoipata Lubudi inafanya nini. Nikamjibu inalala sandukuni. Akasema basi iamke Jumatatu. Kamati ya wazazi ikakubali, na inspekta naye.

Sasa nikuambie jambo nililoshindwa kulisema kwenye simu. Tangu msiba, mtaani wote waliacha kuniita Mama Jémima. Wananiita Falonne, kwa huruma, nami niliwaachia. Siku ya kwanza darasani Mama Blandine alitaka watoto waniite metresi, kama mwalimu yeyote wa kike. Mimi nikawaambia ninaitwa Mama Jémima. Sasa wanalipiga kelele jina hilo asubuhi nzima: huyu anataka kukojoa, yule kanyang'anywa mkate. Naitika kila mara, yaya, na silii. Nafurahi.

Msalimie Tata Stany, na watoto uwakumbatie mmoja mmoja. Ukipiga simu, nawe uniite hivyo.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Jémima