Nyumba Yangu Haina Tundu

Jumapili, 4 Desemba 1983

Simu ya Jumapili kama kawaida. Shebe yuko Brooklyn, New York, mimi hapa Takoma Park, kando ya Washington, ubishi ule ule: New York au Washington? Tuliteremka meli moja mimi na yeye, tukakaa chumba kimoja kule miaka kumi na moja. Anajua kubishana. Mimi najua zaidi.

Leo nimempiga hoja tatu. New York joto ni la mwenye nyumba. Akipenda unapata, asipopenda unagonga bomba la joto kwa kijiko mpaka mkono ufe ganzi. Hapa joto ni langu, kuna kidude ukutani, nakizungusha mwenyewe. Halafu treni ya chini ya ardhi kule inanuka mikojo, ya hapa ina zulia. Zulia! Na kule niliishi juu ya watu na chini ya watu, kama dagaa wa kopo. Hapa nina nyumba nzima. Ya kupanga, lakini nzima. Kodi inanyonya damu miji yote miwili, ila hapa unanyonywa umejinyoosha.

"Yakhe," akasema, "huo ni mji wa watu wanaolala saa tatu."

Nikamwambia njoo uone. Amekubali, anakuja kwa wiki mbili. Zuhura ameguna jikoni. Mke wangu ana miguno kumi na miwili, huu ni wa saba: umeshajisifu tena.

Jumatano, 7 Desemba

Baridi imeingia na meno. Siku yangu ya mapumziko. Nimeshuka besmenti, kile chumba cha chini ya nyumba, kukagua. Tanuri la gesi la zamani, kubwa kama ng'ombe, ndilo linalopuliza joto vyumbani. Wengine wangeogopa. Mimi nimekula injini za meli miaka tisa, Rotterdam mpaka Yokohama, hakuna chuma cha kunitisha.

Ukutani, karibu na tanuri, nimekuta tundu lenye wavu. Upepo wa nje unaingia fyuuu. Mjinga gani aliliacha hilo? Kila baharia anajua: tundu ni maji, na maji ni kifo. Nimelisokomezea blanketi kuukuu, juu yake nikapigilia ubao. Kisha madirisha yote, nailoni na utepe wa gundi. Nyumba sasa imekaza kama ngoma. Ingeelea, wallahi.

Jelani amepita. Jirani yetu, Mmarekani mweusi, anashughulikia boila za shule, mitambo ya kupasha joto. Kiswahili alikisoma darasani ukubwani, na kila neno analivalisha suti. "Bwana Mbwana, je, ungependa nilitazame tanuri lako?" Nimecheka mpaka nikamkumbatia. Nikamwambia ndugu yangu, unaongea na serahangi, mkuu wa mabaharia.

Nilikuwa mtia mafuta. Lakini daftari halina mdomo.

Jumamosi, 10 Desemba

Kichwa kinauma. Zuhura naye. Mafua, labda. Madirisha yanatoka jasho kwa ndani, maji yanatiririka mpaka sakafuni. Nikamwambia unaona, joto la Mombasa hilo. Mguno wa tatu.

Jumatatu, 12 Desemba

Ajabu. Asubuhi nimetoka nyumbani kichwa kama nyundo na mwamba, kufika stesheni kimepungua, kufika kazini hakipo. Nimesimama mlangoni mwa hoteli siku nzima na koti langu refu, vifungo vya dhahabu, nawafungulia wakubwa wa dunia. Kuna mmoja mwenye ndege yake ananiita kwa jina. New York nilikuwa bawabu pia, ila kule mtu anapita kama risasi, hata sura hujaiona. Hapa wanapita polepole, wanajua wanatazamwa.

Nimerudi saa kumi na moja. Dakika ishirini ndani ya nyumba, nyundo imerudi.

Zuhura ana maelezo yake. Hasad. "Umejisifu kwenye simu, Brooklyn nzima inajua una nyumba. Sasa tunaliwa na macho." Nimecheka. Sikucheka sana.

Alhamisi, 15 Desemba

Baada ya Magharibi, ubani. Hakuna makaa ya kwetu huku, kwa hiyo yale ya kuchomea nyama, ndani ya sufuria. Zuhura amefunga milango yote ili moshi usitoke kabla haujafanya kazi. Amezunguka chumba kwa chumba akisoma, mimi nyuma yake na sufuria. Besmenti tumekaa muda mrefu zaidi.

Nimepanda ngazi nikishika ukuta. Zuhura ametapika. Anasema ni dalili nzuri, chenye kukaa humu kimekasirika.

Kimekasirika sana.

Jumamosi, 17 Desemba

Shebe kaja! Basi la asubuhi. Amezeeka kidogo, amevaa lile koti la mwaka sabini na tano, mkononi halua na maneno. Nimemzungusha nyumba nzima kama mwenye jumba la makumbusho. Sebule. Jikoni. Chumba chetu. Nyuma, mti wetu wenyewe.

"Mti unakulipa kodi?" akauliza.

"Mti unanipigia saluti kila asubuhi."

"Shemeji," akamgeukia Zuhura, "huyu alikuwa hivi hivi alipokuletea mahari?"

"Mahari aliisifu mpaka nikadhani analipwa yeye," akajibu Zuhura. Amecheka. Wiki nzima sijamsikia akicheka.

Nimempa Shebe chumba cha heshima: besmenti, kitanda safi kando ya tanuri. Hakuna pahali pa joto kama pale. Nikamwonyesha moto kupitia kidirisha chake. Wa njano, unayumba, rangi ya zafarani. Moto wa jiko la juu ni wa samawati. Nimejiuliza kidogo. Kisha nikasema tanuri ni zee, na mzee huota mvi.

Hakuniuliza juu ya ubao ukutani. Nilimweleza mwenyewe.

Jumapili, 18 Desemba

Nimemtembeza mjini mchana kutwa. Majengo meupe, mnara ule kama sindano, makumbusho ya bure. Bure! New York hata kupumua wanakukatia tiketi. Shebe alitoka nyumbani analalamika kichwa, hewa ikamzindua, ubishi ukaanza.

Anasema mji huu ni makaburi ya wafalme: safi, kimya, na kila mtu anatembea kama anafuata jeneza. Anasema, "New York mtu akikuchukia anakuambia. Hapa anakufungulia mlango."

"Mlango nafungua mimi," nikamwambia.

Tumecheka mpaka askari akatutazama. Siku njema kuliko zote mwaka huu. Naandika hivyo ili nisisahau.

Jumatatu, 19 Desemba

Nimechukua likizo ya wiki kwa ajili ya mgeni. Shebe ameamka adhuhuri. Shebe! Huyu ndiye aliyekuwa anatumwagia maji usoni chumba kizima ili tuswali alfajiri. Miaka kumi na moja hakukosa. Nimemtania: Washington imekulainisha, sasa unalala saa tatu kama sisi. Akakaa kwenye ngazi anautazama mkono wake.

Jumatano, 21 Desemba

Baridi kali, theluji mpaka kizingitini. Tanuri halipumziki.

Shebe ameuliza choo kiko wapi. Mara mbili. Chai amemimina nje ya kikombe akaendelea kumimina.

Zuhura amefunga mfuko wa nguo. Anataka sote twende kwa rafiki yake Alexandria, ng'ambo ya mto, leo hii. "Nyumba hii haitutaki, Mbwana. Inatuambia kila siku." Nimemkatalia. Shebe arudi Brooklyn akawaambie nini? Kwamba Mbwana alikimbia nyumba yake mwenyewe kwa kuogopa jini? Watacheka mpaka Staten Island. Nimesema tusubiri, Ijumaa tutachoma ubani tena, safari hii mwingi.

Nimeshuka besmenti kwenda kuangalia. Nikaweka kiganja juu ya ubao. Nyuma yake baridi inagonga, inagonga, kama mtu anayeomba kuingia.

Nikaongeza misumari.

Ijumaa, 23 Desemba

Niandike kama ilivyokuwa, bila urembo.

Asubuhi tulichoma ubani. Sufuria nikaiacha besmenti, makaa mengi, mlango nikaufunga ili dawa ikae. Shebe alikuwa amelala kule. Nilimwona kifua kinapanda na kushuka. Nikafunga mlango.

Ijumaa ya mapumziko, nilikuwa nijiandae kwenda msikitini. Nikakaa kwenye kiti kufunga viatu, na viatu vikawa mbali. Zuhura alikuwa amelala jikoni, kichwa juu ya meza. Nilimwona. Niliona ni jambo la kawaida.

Mlango ukagongwa. Jelani, na mkate wa maboga mkononi, ametuletea kwa ajili ya sikukuu zao. Nilichukua muda mrefu kufika mlangoni, ndiyo maana nadhani akashtuka. Akanitazama machoni. Akatazama madirisha yanavyotiririka. Akavuta pumzi mara moja, akanusa ubani.

"Mgeni wako yuko wapi?"

"Amelala. Chini."

Mkate ulianguka. Kiswahili kikamtoka chote, akawa anapiga kelele kwa Kiingereza, nje, nje. Alimbeba Zuhura kama mtoto akamweka kwenye theluji. Akanisukuma mimi. Akavuta pumzi ndefu, akarudi ndani peke yake.

Nilisimama kwenye theluji na kiatu kimoja. Nilitazama mlango. Kazi yangu ni milango, na huu sikuweza kuufanya chochote.

Akatoka kinyumenyume, anamburuta Shebe kwa makwapa. Miguu yake ilichora mistari miwili kwenye theluji. Shebe hakuwa akitikisika.

Wazimamoto walikuja na mashine ndogo ya kupima hewa. Mkubwa wao alishuka besmenti na kinyago, akapanda na ubao wangu mkono mmoja, blanketi mkono wa pili. Akanieleza polepole, kama mtoto. Moto nao unapumua. Lile tundu lilikuwa pua yake. Ukiuziba pua unawaka vibaya, unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na nyumba iliyofungwa kila upenyo haina pa kuitolea. Makaa ya ubani yanatoa sumu ile ile. Ndicho kilichokuwa kinatuumiza vichwa. Hakuna jini.

Akauliza nani aliweka ubao.

"Mimi."

Maisha yangu yote neno hilo nimelisema kwa kifua. Leo lilitoka peke yake, na halikufuatwa na kitu.

Jumamosi, 24 Desemba

Hospitali. Mimi na Zuhura tumewekewa hewa safi usiku kucha, tumeruhusiwa. Shebe hajafumbua macho. Daktari anasema aliyelala kando ya tanuri alikunywa sumu ya watu wote.

Mimi ndiye niliyempa kitanda kile.

Zuhura hakuguna. Ningependa angeguna.

Jumapili, 25 Desemba

Bado.

Nimepiga simu Brooklyn, saa yetu ile ile. Aliyepokea, anayekaa na Shebe, aliuliza, "Enhe, nani kashinda, wewe au Shebe?" Nikakata.

Jumatatu, 26 Desemba

Amefumbua macho. Saa nane na robo mchana. Alhamdulillahi. Alhamdulillahi. Nimetoka nje ya chumba nikalia mbele ya mashine ya soda.

Nimerudi, akanitazama. "Meli imeshafunga gati?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo. Imefunga.

Jumanne, 3 Januari 1984

Wamemruhusu Shebe kutoka hospitali. Yuko kwetu sebuleni, hawezi kwenda peke yake popote. Ya zamani anayakumbuka yote: meli, bandari, jina la mpishi aliyetutilia chumvi kwenye chai. Ya leo yanamvuja. Daktari anasema labda yatarudi, labda yatarudi nusu. Kiwanda alichokuwa anafanya kazi Brooklyn kimeshaweka mtu mwingine.

Tanuri jipya limefungwa. Jelani alisimamia, nami nilishika tochi. Alinielekeza kila kitu kwa Kiswahili chake cha suti, na sikumtania hata neno moja. Moto ni wa samawati. Tundu liko wazi.

Nilimwomba msamaha. Akasema, "Hapana kitu, bwana. Lakini utanidai mkate wa maboga?" Ametania yeye. Mimi nilishindwa kucheka, nikamshika mkono tu.

Jumapili, 15 Januari

Leo simu haikulia. Wa kunipigia amekaa mbele yangu, blanketi magotini, anakula uji aliopikiwa na Zuhura. Theluji inaanguka bila haraka. Mti umesimama.

Akainua uso. "Yakhe, hebu sema kweli. New York na Washington, wapi bora?"

Mara ya nne tangu asubuhi.

"New York," nikamwambia.

Akatabasamu kama mtu aliyeshinda mbio za mashua. "Si nilikwambia?"

"Uliniambia."

Jikoni Zuhura akaguna, mdogo sana, wa namba ambayo sijawahi kuisikia.

Chini, tundu linavuma fyuuu, baridi inapanda ngazi mpaka hapa nilipokaa. Nimevaa koti langu la kazini ndani ya nyumba yangu, vifungo vyote nimefunga, na naandika.