Mize Hageuki Nikimwita

Kiwayu, Jumatano

Mamangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Magoti yako yakoje? Na dari ya chumba cha nyuma, imetengenezwa au ingali ikikumwagia vumbi kitandani? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila mimi nimechoka. Tangu niolewe huku sijapata kuchoka namna hii.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Wasema nimlete mwanangu Mize huko kwenu Langoni apungwe pepo kabla ya Ramadhani, na nikujibu kwa chombo cha Ijumaa. Mama, nisikilize kwanza.

Wajua macho yake yaliharibiwa na surua kabla hajatimiza mwaka. Hilo nimelipokea. Lakini sasa ana miaka minne, na mambo yake siyaelewi. Hukaa akijitikisa mbele na nyuma, asubuhi hata adhuhuri. Hujibonyeza macho kwa vidole. Nikimletea maji ya kunywa nikamuuliza, "Mize, wataka mai?" naye husema, "Mize, wataka mai?" kwa sauti yangu hasa, kisha basi. Nikimwita hageuki, na masikio anayo: kikombe kikigusa sinia uani, yeye husikia kabla yangu.

Mama mkwe alipoona kule kujitikisa akasema, "Mwateni, mwana asoma moyoni, kama watoto wa chuoni wasomapo Kurani." Basi wanawake wakawa waja kumshika kichwa wapate baraka, naye akipiga ukelele kama aliyemwagiwa maji ya moto. Nikawafungia mlango. Wiki nzima nimenuniwa. Dresa wa zahanati aliyepita kuchanja watu naye alimfunua kope, akasema ni macho tu, mengine yatakuja yenyewe.

Nikaona nimuulize mwenye kujua. Yuko bibi huku, Bi Amina, kipofu tangu utotoni kwa ndui. Husuka ukili wa mikeka kwa kupapasa, na ulimi wake mkali. Nikamkalisha Mize karibu naye, nikamweleza.

"Ajibonyeza mato?" akasema. "Nami nalijibonyeza hata nikawa mwari. Mna nyota humo ndani, wewe mwenye mato huzioni!" Akacheka.

"Na kujitikisa, Bi?"

"Nalijitikisa. Mtu haoni ndia, akae kama gogo?"

Moyo ukanitua. Kisha akaacha kusuka. "Lakini mamangu akiingia nalimjua kwa hatua zake, nikampa mikono. Huyu hukupa mikono?"

"Hanipi," nikasema.

"Basi mengine ni ya mato," akasema, "na mengine siyo. Hayo siyajui, nami sitakudanganya."

Akashika tena ukili wake. Hapo Mize akageuka. Si kwangu. Aligeukia mchakacho wa miaa, yale majani makavu ya kusukia, akajikokota mpaka miguuni pa yule bibi, akaushika ukili, akatulia kabisa. Nilifurahi, na wivu nikaona, yote pamoja. Sasa twaenda kila siku.

Kwa hivyo sijui. Ni macho? Ni akili? Ni jambo la tatu lisilo na jina? Kila anipaye jina, mimi humwamini hata kesho yake, kisha Mize hufanya jambo, na jina lile likavunjika lote.

Ila hili nalijua: simleti kupungwa. Usione ni kiburi, Mama, niwie radhi. Mtoto anayelia kwa kuguswa kichwa, nitamweka vipi katikati ya ngoma na moshi na watu? Njoo wewe. Ukifika usimwite wala usimbebe. Keti karibu naye na miaa mkononi, ungoje. Uje na ile mikavu, inayolia.

Nisalimie Baba, na mdogo wangu Salma, asiache chuo. Na shangazi Mwanakombo, mwambie dua zake zanifikia. Mume wangu akuamkia kwa heshima.

Ninapoandika haya Mize amekuja peke yake, ameweka sikio juu ya karatasi. Nadhani ni sauti ya kalamu, si mimi. Sijamwita. Naendelea tu kuandika, polepole, ndiyo sababu barua imekuwa ndefu.

Mwanao,
Rukia