Anayebaki Hekaluni

Kohala, Jumapili

Kwako mdogo wangu Kahiau, huko Las Vegas,

Huku kisiwani mvua haikatiki, magimbi yamenenepa, na yule mbwa wako mvivu amezaa tena. Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua.

Jana tulikwenda kung'oa magugu kwenye lile hekalu la mawe la wazee wetu wa kale. Unakumbuka desturi ya nyumba yetu: ukifika ukutani unaomba ruhusa na kumtaja kila aliyekuja, na wakati wa kuondoka unaita majina yale yale, mtu asije akabaki na mawe. Mama alitaja lake, langu, kisha lako.

"Mama, Kahiau yuko Las Vegas!"

"Hebu acha ubishi, Nohea. Huyo nyuma yako ni nani, basi?"

Nyuma yangu palikuwa na ukuta tu.

Tulipomaliza, akaniita, nikaitika. Akakuita wewe, akangoja, akainamisha kichwa kama anayesikiliza. Kisha akachukua jembe lake.

"Twende. Anasema yeye anabaki."

Kahiau, tangu utoke hospitali hupokei simu. Barua hii usiijibu kwa barua. Piga, uniite dada, nisikie.

Dada yako,
Nohea