Tumbo la Chuma

Ijumaa, 7 Juni

Mimi ni mtu wa bahati! Mungu alipogawa matumbo, wenzangu walipewa ya karatasi, mimi nikapewa la chuma. Kolkata nzima inalia ombol, ombol — kiungulia chetu cha kuzaliwa nacho. Kichwa kinauma? Ombol. Mchumba kakimbia? Ombol. Mimi, Haradhan, mfalme mwovu wa jukwaani kwa miaka ishirini na mbili, sikijui hata kwa sura.

Jumatano ni sikukuu ya wakwe. Mama mkwe ataniketisha kama maharaja na kunilisha hadi nishindwe kuinuka. Mke wangu Malati anasema shati linaning'inia. Nimemwambia ndiyo mtindo.

Jumatatu, 10 Juni

Nimempeleka shemeji Nibaran, kaka yake Malati, kwa daktari. Ombol, ombol, tumechoka! Daktari Sanyal ni binti mdogo, miwani mikubwa kuliko uso. Kambonyeza tumbo: laini. Kasikiliza kifua: safi. Meno, koo: vizuri.

"Umeona nini?" Nibaran kauliza, macho yanang'aa.

"Sijaona kitu, kaka."

Karibu alie! "Miaka ishirini ya ombol, dada, halafu sina hata kitu kimoja?"

Daktari akamtuliza. Kiungulia mara nyingi hakiachi alama, eti mtu anaungua ndani, nje mzima kabisa. Akamwandikia vidonge. Nikaangua kicheko changu cha jukwaani. Binti akainua kichwa.

"Hiyo sauti inakwaruza tangu lini, mjomba?"

"Tangu tumboni mwa mama."

"Muongo huyo," Nibaran akadakia. "Tangu sikukuu ya Durga Puja. Miezi minane."

"Fungua mdomo."

Sijui kwa nini nilifungua. Akaingiza kioo kidogo. Meno ya juu, upande wa ndani, yamelika kama chaki iliyolowa — asidi inapanda nikilala, anasema. Koo jekundu huko nyuma. Akavuta kope la chini: limepauka. Hapo utani ukamwisha. Akanipapasa shingoni, juu ya mtulinga, polepole, kama anatafuta sindano kwenye godoro. Kisha akauona mkanda wangu. Matundu matatu mapya, niliyatoboa kwa msumari.

"Chakula kinakwama ukimeza?"

"Mimi? Nameza samaki na miba yake!"

Hakucheka. Akaandika karatasi: Alhamisi, hospitali kubwa, kamera ishuke hadi tumboni. "Usikose, mjomba. Mikono yangu imefika mwisho. Kilichoko kooni siwezi kukiona, na ukikaa nacho kinaweza kukuua."

Njiani Nibaran kanuna. "Wewe umepata alama nne, mimi hata moja!" Nimemwapisha: asimwambie Malati kabla ya sikukuu. Na baada ya sikukuu pia.

Karatasi inafaa sana. Nimeifanya alama ya ukurasa humu.

Jumanne, 11 Juni

Wali uliopondwa na dengu. Bilauri tatu za maji kuusukuma. Malati kaniangalia. Nimesema natunza nafasi tumboni kwa chakula cha mama yake. Mwigizaji ni mwigizaji!

Jumatano, 12 Juni

Naandika chooni kwa mama mkwe. Daftari lilikuwa mfukoni.

Alinifunga uzi wa manjano mkononi, akanipepea kwa kipepeo cha ukindu. Bakuli kumi na moja! Samaki hilsa kwenye haradali, mbuzi, maembe, vitamu. "Kula, baba. Umekonda, huyu binti yangu hakulishi?" Watu kicheko. Tonge la kwanza la hilsa likashuka — likasimama. Nikanywa maji. Maji nayo yakasimama! Nibaran, mbele yangu, kaacha kutafuna. Nikapiga ukelele "Mwiba!", nikakimbilia huku.

Sasa mama yuko mlangoni. Ameviringa donge la wali mkavu, ndiyo dawa yetu ya mwiba.

"Fungua, baba. Limeze zima bila kutafuna, litausukuma."

Nibaran naye: "Mama, usimpe."

"Kwa nini nisimpe mkwe wangu?"

Kiapo kinamkaba maskini. Halafu sauti ya Malati, ndogo: "Kaka. Kuna nini?"

Ananisubiri mimi.

Karatasi hii hapa. Hospitali ni kesho. Mlango una upenyo chini, naisukuma kwa Malati.

Hakuna mwiba. Na ya Ijumaa ni uongo mtupu: sina tumbo la chuma, sina bahati yoyote. Chakula kinakwama tangu Puja, na ninaogopa.

Mama anagonga tena. Donge bado liko mkononi mwake.