Nasri Aje, Lakini Asimpigie Babu Magoti

Hosteli ya Wasichana,
Chuo cha Ufundi Mlimatindi,
S.L.P. 814,
Mbeya.

3 Novemba 2024

Mpendwa Mama Mdogo Mwamvita,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Pangani, wewe na wote wa nyumbani. Goti lako vipi? Mama aliniambia siku hizi unaswali umekaa kwenye kiti. Mwenyezi Mungu akuondolee maumivu. Mimi ni mzima. Mvua za kwanza zimeanza na vumbi lote la Mbeya limegeuka tope.

Mwezi wa tisa nilikuwa Iringa. Baba na mama hawajambo. Duka la vitambaa liko palepale sokoni, na baba bado anabishana na wateja mpaka wanamwonea huruma na kununua.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza. Unauliza kama mdogo wangu Nasri aombe nafasi hapa kwenye dirisha la udahili la Machi, maana umesikia chuo chetu kina sifa na mila za siku nyingi. Jibu langu ni aje. Walimu wa umeme ni wazuri na karakana ina vifaa. Ila kuhusu hizo mila nimeona nikuandikie, kwa sababu kwenye simu hasira hunipanda nikasahau nusu ya maneno.

Karakana kuu ina mashine kuukuu ya kukerezea vyuma wanayoiita Babu. Haijazunguka tangu kabla sijazaliwa. Mkanda umekatika, na panya wamezaana tumboni mwake vizazi kwa vizazi. Basi kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, njuka kama tunavyoitwa, lazima asimame mbele yake kila asubuhi, avue kofia na kuiamkia. Mtu mzima, mwenye cheti cha kidato cha nne, anakiambia chuma shikamoo. Njuka hapiti mlango mkubwa, anapita wa nyuma penye takataka. Ovaroli anaivaa ndani nje. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa kwamba wanafunzi wa kwanza kabisa wa chuo hiki walifanya hivyo. Sijui kama ni kweli. Na ikiwa kweli, basi walikuwa wajinga mapema.

Kilele chake ni Siku ya Kupakwa. Njuka wote wanatambaa chini ya meza za karakana, huku wa mwaka wa pili wakichota oili chafu na wa mwaka wa tatu wakiwamwagia. Mwisho wanampigia Babu magoti, wanaambiwa sasa wamekuwa ndugu. Wanauita umoja.

Mwaka jana, zamu yetu ilipofika, mkuu wa wakongwe, yaani wanafunzi waliotutangulia, alikuwa kijana anaitwa Shadrack. Alikuwa amerudia mwaka kwa sababu ya hesabu, lakini alitembea na spana kubwa kiunoni kama askari na bunduki. Nati hata moja sikumwona akiifungua. Alinikuta mlangoni nimesimama na mwenzangu wa chumbani, Kashindye, binti wa wafugaji wa kule Usangu.

"Nyinyi mabinti, vueni vilemba, ingieni," akasema.

Nikamwambia, "Mimi naweka paji la uso chini kwa Mmoja tu, na hayumo humo ndani."

Akamgeukia Kashindye. "Na wewe?"

Kashindye si msemaji. Aliichungulia ile mashine, akamtazama Shadrack, akasema, "Kwetu ng'ombe wakisikia nimeamkia chuma, hawatanipa maziwa tena."

Tukabaki nje, sisi wawili tu kati ya darasa zima. Wenzetu wakaingia, wengine wakitusonya. Miongoni mwao alikuwa Amos, kijana mpole kutoka Makongolosi, aliyekuwa akitusaidia hesabu na kucheka kwa kuziba mdomo. Alituambia, "Ni dakika chache tu, jamani. Yataisha."

Baadaye tulikuja kujua kwamba Shadrack, ili mwaka wake ukumbukwe, alikuwa ameongeza kwenye ile oili dawa ya kuondolea kutu. Amos ndiye aliyetangulia kutambaa. Walipommwagia alipiga ukelele ambao bado nausikia. Wao wakadhani anaigiza. Wakacheka, wakaimba kwa nguvu zaidi, na mmoja akamwongezea kopo la pili. Mama Mdogo, kundi la watu wanaojiandaa kuitwa mafundi, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza ndani ya ndoo kuna nini.

Kashindye alinipita mbio. Aliwasukuma kama anayepita zizini, akamwinua Amos begani na kumtoa nje mpaka kwenye bomba. Mimi nikamshika kichwa, yeye akamfumbua macho kwa vidole, tukamwosha muda mrefu, maji yakitulowanisha wote watatu. Kisha tukamkimbiza hospitali kwa bajaji. Daktari alisema bila yale maji angepoteza macho yote mawili. La kulia lilipona. La kushoto mpaka leo linaona ukungu.

Na wale ndugu zake wa umoja? Tuliporudi tulikuta karakana imepigwa deki, inang'aa.

Mlezi wa wanafunzi, Mwalimu Sedekia, akatuita darasa zima akauliza kilichotokea. Hapa kuna msemo kwamba la darasani hubaki darasani, nao huutamka kama aya. Mmoja mmoja wakasema Amos aliteleza akaangukia ndoo. Nikanyoosha mkono, nikaeleza yote, nikamtaja Shadrack na ile dawa.

"Binti, wewe ulikuwa ndani?" Mwalimu Sedekia akauliza.

"Nilikuwa mlangoni, mwalimu. Nimeona kwa macho yangu."

"Uliyekataa kuwa mwenzao ndiwe unayewasemea?"

Kumbe na yeye alisoma hapahapa, na picha yake akiwa amepakwa mwili mzima imetundikwa ofisini kwake kama picha ya harusi. Amos aliporudi na bandeji, wakamwuliza mbele yetu. Aliinamisha kichwa akasema, "Niliteleza, mwalimu." Ikawa ajali. Shadrack alimaliza mwaka akapewa zawadi ya uongozi bora. Nilikuwepo ukumbini. Sikupiga makofi, na nilihakikisha ananiona.

Tangu hapo mimi na Kashindye tunaitwa wapangaji, yaani tunalala chuoni lakini si watu wa chuo. Ukitaka jiliwa la kubania chuma unaambiwa lina mtu, hata kama liko tupu. Mwanzoni niliumia. Baadaye niliwatazama vizuri hao wanaonitenga, nikajiuliza ninachokikosa ni kipi hasa. Kuambiwa usiku mwema na watu wanaosema uongo kwa pamoja? Tulijisomea wawili, na matokeo yetu si mabaya.

Sasa sikia la mwezi uliopita. Sisi tumeingia mwaka wa pili, njuka wapya wakafika, na darasa langu likakaa kikao kumchagua mchota oili mkuu. Wakamchagua Amos, kwa heshima, ati kwa sababu aliumia bila kutoa siri. Na yeye akakubali.

Nilimfuata kwenye ngazi za maktaba. "Amos, wewe wa kuwachotea watoto hawa ile oili?"

Alinigeuzia jicho lake zima. "Safari hii ni oili tupu. Nimeikagua mwenyewe."

"Sikuulizi oili. Nakuuliza wewe."

Akasema polepole, "Nusrat, mimi niliumia. Hawa wasipopakwa, basi mimi niliumia bure."

Nilirudi chumbani, nikamweleza Kashindye. Alikuwa anafua ovaroli. Akaikamua, akasema, "Basi tukawaambie wenyewe."

Tukapita hosteli zote mbili za njuka, yeye akiongea na waliokuwa wanabeba ndoo za maji, mimi na waliokaa vitandani. Hatukuhubiri. Tuliwaeleza yaliyompata mwenzetu, tukawaambia ukikataa hufukuzwi chuo, unanuniwa tu, na kununiwa hakuui. Wengine walitucheka. Binti mmoja kutoka Kilolo, Blandina, aliuliza, "Kwa hiyo nikikaa kwenye majani nje, watanifanya nini?" Kashindye akamjibu, "Watakutazama."

Siku ilipofika, Blandina alikaa kwenye majani. Akafuata mwenzake, na mwingine, mpaka zaidi ya nusu ya njuka wakawa wamekaa nje wanawatazama wakongwe, na wakongwe wamesimama mlangoni na makopo yao hawajui la kufanya. Mwalimu Sedekia akaja kuwaambia wanavunja umoja wa chuo. Walimsikiliza kwa adabu na hawakuinuka.

Wachache waliingia, wakapakwa. Amos alichota. Nilimwona kupitia dirishani, uso ameugeuzia ukutani. Shadrack nilimdharau kwa raha, kama mtu anayekunywa maji baridi. Kumdharau Amos kuliniuma, lakini nilimdharau.

Jumatatu yake njuka waliingia kwa mlango mkubwa, ovaroli zimevaliwa sawasawa. Walimpita Babu kama mtu anavyopita kabati. Hakuna aliyewazuia, maana walikuwa wengi.

Mchana ule Amos alikuja bwaloni na sahani yake, akakaa mezani kwetu kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Alikula kidogo, akaweka kijiko chini.

"Kumbe ilikuwa inawezekana," akasema.

Nikamwambia, "Ilikuwa inawezekana mwaka jana. Na juzi ulipokuwa umeshika lile kopo, pia ilikuwa inawezekana."

Kashindye alinikanyaga mguu chini ya meza. Amos alitikisa kichwa kukubali, akachukua sahani yake, akaenda kukaa peke yake karibu na mlango. Hakurudi kwenye meza ya darasa. Na kwetu hajarudi.

Nisalimie Nasri, mwambie afanye mazoezi ya hesabu. Mjomba Makame mpe shikamoo yangu, na Bibi mbusu mikono kwa niaba yangu. Kashindye hakujui lakini anakusalimu, anasema ukija Mbeya atakukamulia maziwa.

Mungu aijaze nyumba yako afya na amani, na atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi mwanao, nikupendaye kwa moyo wote,

Nusrat